Tundu la Mfuko Haliko Jikoni Peke Yake

Neno uwekevu si geni masikioni mwetu. Wazee walilijua kabla ya shule, nao walituachia methali nyingi za kulishuhudia: akiba haiozi, haba na haba hujaza kibaba, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hata mtoto wa darasa la pili aweza kuzitaja bila kukosea. Walakini neno likizoeleka mno ulimini huacha kuuchoma moyo, na ndivyo lilivyokuwa neno hili. Twalisema wote, twalikubali wote, na nyumba zetu zaendelea kuvuja.

Tena kuna jambo moja latuudhi, nalo ndilo tulilokusudia kulipinga hapa. Kila mara uwekevu unapofundishwa, wanaofundishwa ni wanawake. Mama huambiwa apunguze chumvi, asimwage mafuta, asiwashe moto kabla ya wakati, ahesabu njiti za kiberiti. Baba huketi kitini akiitikia kwa kichwa, kana kwamba mambo hayo hayamhusu ila kwa kuyasimamia. Mkutano ukiisha kila mtu huenda zake, mama jikoni, baba kilabuni. Sisi twasema fundisho hilo ni nusu, na nusu ya kweli ikifundishwa kama kweli nzima hugeuka uongo. Mfuko wa nyumba una matundu mengi. La jikoni ni dogo, na kwa kulikodolea macho hilo peke yake tumeyaacha makubwa yazidi kupanuka.

Kwanza tuliweke neno mahali pake. Uwekevu si ubahili. Bahili hujinyima na kuwanyima wengine. Humwona mgeni akafunga mlango, humwona mtoto mgonjwa akahesabu nauli. Mwekevu hutoa, tena hutoa kwa furaha, kwa maana anacho cha kutoa. Wala uwekevu si kuvaa matambara au kula mara moja kwa siku ili fedha zilale chini ya godoro. Uwekevu ni kujua kila kilichomo nyumbani kimetoka wapi, kinakwenda wapi, na kimefanya kazi gani kabla ya kwisha. Asiyejua hayo, hata akipata mara mbili ya apatacho leo, atabaki vile vile alivyo, maana maji hayakai katika pakacha hata uyaongeze.

Sisi walimu hatuna haja ya kuchungulia ndani ya nyumba za watu ili tujue mwekevu ni nani. Habari hutufikia darasani. Katika miezi ya Julai na Agosti, mahindi yakiwa yameingia nyumbani, watoto huja shuleni wamechangamka. Hujibu maswali, hukimbia uwanjani, hucheka. Ikifika Februari, wale wale huinamisha vichwa juu ya madawati kabla ya saa nne. Si wagonjwa, wala si wavivu, wana njaa. Wengine hawaonekani kabisa, kwa kuwa wamekwenda kufanya vibarua vya palizi katika mashamba ya watu. Tangu mwaka 2016 ada za shule za serikali zimeondolewa Tanzania hata kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha sita. Kwa hiyo mzazi hawezi tena kusema kwamba ada ndiyo iliyomshinda. Kinachomshinda siku hizi ni sare, daftari, viatu, na bakuli la uji. Haya ndiyo tunayoyagombania. Tukisema juu ya shilingi mia, hatuisemi shilingi. Twamsema mtoto aliyelala juu ya dawati.

Basi na tuanze jikoni, tupate kulipa jiko haki yake, asije mtu akasema kwamba twawatetea akina mama kwa upendeleo. Ni kweli jikoni kuna upotevu. Moto wa mafiga matatu uliowashwa penye upepo hupasha hewa joto zaidi kuliko chungu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na moshi ule huumiza macho na vifua vya mama na wanawe. Kuni zipasuliwe ndogo, zianikwe hata zikauke. Mafiga yakingwe kwa ukuta mdogo wa udongo, au lijengwe jiko la udongo lenye mlango mmoja wa kuni. Chungu kifunikwe kwa mfuniko wake. Na chakula kikiiva kuni zitolewe na kuzimwa, zisiachwe kuungua bure. Haya hayahitaji fedha, yahitaji mikono na uangalifu tu.

Maharage yalowekwe usiku kucha, nayo yatalainika upesi zaidi. Tena kuna hila nyingine iliyo njema, nayo ni ya kapu. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, ukiacha nafasi ya chungu katikati. Maharage yakiisha kutokota kwa nguvu nusu saa, kifunike chungu, kitie mle kapuni, ukifukie juu kwa mto wa matambara. Joto halina njia ya kutoka, kwa hiyo chakula huendelea kuiva bila kuni hata moja. Kabla ya kula kirudishe motoni kitokote tena. Mama atakuwa amepata saa mbili za kufanya kazi nyingine, au za kupumzika, jambo ambalo twadhani hapana aliyepata kumhesabia.

Watumiao mkaa nao wafikiri. Kilo moja ya mkaa uliochomwa katika tanuri letu la udongo hutokana na kilo sita hata kumi za mti. Kwa hiyo kila kopo la mkaa linaloachwa kuwaka bure baada ya ugali kuiva ni tawi zima lililokatwa bure. Serikali ya Tanzania ilitoa mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikiazimia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu themanini katika kila mia wawe wanaitumia. Azimio ni jema. Lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha, na asiyejua kukizima kijinga cha moto atashindwa pia kuufunga mtungi.

Yako na mengine ya jikoni. Viporo vipashwe moto vizuri, visitupwe. Ukoko na makombo wapewe kuku. Maganda ya ndizi wapewe mbuzi. Maji yaliyooshea mboga yamwagiwe mchicha. Majivu yatiwe katika shimo la mbolea. Mwenda sokoni achukue kikapu chake, kwa maana tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na anunuaye mfuko mpya kila siku ya soko hununua kile ambacho bibi yake alikisuka kwa ukindu. Nguo ikitatuka ishonwe siku ile ile, ingali ufa wa kidole kimoja.

Haya yote ni mema, nasi twayafundisha. Sasa tuyapige hesabu. Tuseme mama ni hodari sana, naye kwa chumvi, mafuta, sukari, sabuni na kiberiti aweza kuokoa shilingi 100 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Si haba, ni sare na daftari za mtoto. Lakini ni nani aliyeziokoa? Ni yule yule anayechota maji, anayekata kuni, na anayelala wa mwisho. Sasa na tutoke jikoni, twende mahali ambapo mama hana ufunguo.

Mahali penyewe ni ghalani. Tuseme nyumba ya watu sita imevuna mahindi magunia kumi na manne ya debe sita sita, yaani debe themanini na nne. Mwezi wa Julai anakuja mchuuzi na gari lake. Baba, ambaye tangu Machi hakushika fedha, anauza magunia manane. Bei ni shilingi 8,000 kwa debe, yaani 48,000 kwa gunia, na jumla ni shilingi 384,000. Baba anazipokea kwa mikono miwili na kumwita mchuuzi ndugu. Lakini gunia la mchuuzi si gunia la kawaida. Limeshonewa kilemba juu likavimba kama mwenye safura; ndiyo lumbesa. Ndani yake mna debe saba, na linalipiwa kwa hesabu ya sita. Debe nane zimekwenda bure, thamani yake shilingi 64,000. Sheria ya Vipimo yaikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo haachi kuonya, walakini sheria haiwezi kumshika mkono mtu anayeshona kilemba mwenyewe.

Zimebaki debe ishirini na nane. Nyumba ya watu sita hula debe moja kwa siku nane hivi. Piga hesabu, utaona ghala latoa vumbi katikati ya Februari. Mavuno mapya yako mbali miezi minne. Sasa baba anatafuta debe kumi na tano za kununua, na bei, kwa kuwa kila nyumba yatafuta wakati huo huo, imekuwa shilingi 16,000. Analipa 240,000 kwa mahindi ambayo aliyauza mwezi wa Julai kwa 120,000. Huenda yakawa ni yale yale, yamekwenda mjini na kurudi. Amepoteza 120,000, ongeza zile 64,000 za kilemba, utapata 184,000. Bei hizi tumezichukua kwa mfano. Mwaka mmoja hupanda zaidi, mwaka mwingine hupanda kidogo. Hata hivyo kila mkulima aliyenunua chakula wakati wa palizi aijua hesabu hii kwa tumbo lake. Je, ni njiti ngapi za kiberiti mama azihesabu ili azirudishe shilingi 184,000?

Wala hatujamtaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchi nyingi za Afrika, na wengi walimwita Skania. Hutoboa punje na kuisaga hata gunia libaki na unga usiofaa hata kwa kuku. Wengi huuza mapema kwa kumwogopa yeye, nao hudhani hawana njia nyingine. Njia ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kameruni, walibuni namna ya kuhifadhi kunde katika mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki nzito ndani, na mmoja wa kusokotwa nje. Mifuko hiyo yatumika leo kwa mahindi pia, nayo yauzwa katika maduka ya pembejeo. Kila tabaka hufungwa peke yake barabara. Mdudu aliyemo ndani huimaliza hewa, akafa, na hapana dawa iliyotiwa. Mfuko usiotoboka hutumika tena mwaka wa pili. Nendeni mkaulize bei yake, kisha mkailinganishe na kile alacho dumuzi katika gunia moja.

Lakini mahindi yasiyokauka yasitiwe humo, wala popote. Unyevu huleta ukungu, na aina moja ya ukungu huzaa sumukuvu, isiyoonekana wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 huko Ukambani, katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, sumu hiyo iliwaugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Kupima ukavu si kazi ngumu. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hata theluthi yake, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa kwa kukaangwa, funga, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kioo, mahindi yangali mabichi, yarudishe mkekani. Na mkeka uwe juu ya kichanja au turubai, usiwe juu ya udongo mtupu. Twasikia mtu akisema, "Mahindi haya yameoza kidogo, watakula watoto." Huo si uwekevu, ni kumtilia mwanao sumu kwa kuogopa kupoteza debe moja.

Tutoke ghalani, tuingie katika mfuko wa suruali. Hapa ndipo wenzetu wanapokunja uso. Tuseme baba hatumii pombe sana, ila shilingi 1,000 kwa siku. Labda ni pombe, labda ni sigara, labda ni soda na maneno kibandani, labda ni ule mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira ambao vijana huuita mkeka. Shilingi elfu ni kitu gani? Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Ni mara kumi ya zile alizookoa mama kwa jasho lake. Tena huo mkeka ni mchezo wa ajabu. Mwenye duka la kubahatisha hajengi nyumba kwa kushindwa, hujenga kwa kushinda. Na kila ashindapo yeye, kuna wengi walioshindwa. Kijana akipata mara moja huwaambia watu wote kijijini; akikosa mara arobaini hunyamaza. Basi sisi twaisikia habari ya ile moja tu, tukadhani pana mali.

Kuna pia sherehe. Hatuzipingi arusi, wala ubatizo, wala kipaimara. Wazee wetu walisherehekea, nasi tutasherehekea. Lakini zamani kila mtu alikuja na alichonacho: huyu unga, huyu kuni, huyu mbuzi, huyu mikono yake. Siku hizi huja kadi yenye kiasi kilichoandikwa. Kwanza kadi ya kumwaga binti, iitwayo sendofu. Kisha kadi ya arusi yenyewe. Kisha fungu la zawadi. Mtu mwenye watoto wawili wasio na viatu huahidi shilingi 20,000 mbele ya kamati, kwa kuona haya, akaenda kukopa ili atimize. Kadi kumi kwa mwaka ni 200,000. Na arusi ikiisha, bwana arusi na bibi arusi huanza maisha katika chumba cha kupanga, wakidaiwa turubai, muziki na mpambaji. Twauliza: karamu iliyowaacha wenyewe na njaa ilikuwa ya nani? Twashauri kamati zetu ziweke mpaka wa gharama kabla ya kuandika kadi, tena sehemu ya michango wapewe wale wawili mkononi, wanunue jembe, godoro na mifuko ya kuhifadhia nafaka. Wa kwanza kufanya hivyo atachekwa. Wa kumi ataigwa.

Sasa tazameni jinsi matundu haya yanavyokutana. Ghala limekwisha, mfuko ni mtupu, kadi iko mezani. Ndipo mtu huenda kwa mkopeshaji. Watu wenyewe wameiita mikopo hiyo kausha damu, na jina ni la haki. Tuseme amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya thelathini katika mia kila mwezi. Kila mwezi hulipa 30,000. Kwa miezi minne amelipa 120,000, zaidi ya alizokopa, na deni la 100,000 lingali limesimama pale pale kama mbuyu. Wengine huweka rehani kadi ya benki, wengine baiskeli, wengine shamba. Bunge lilitunga mwaka 2018 Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kwamba kila mkopeshaji awe na leseni. Basi kabla hujatia sahihi uliza leseni, uliza riba kwa mwezi na kwa mwaka, na uisome karatasi yote. Wewe ulikwenda shule; usitie sahihi kama kipofu.

Najua, ndugu wasomaji, mtatujibu. Nasi tumeyasikia majibu hayo mara nyingi. Jibu la kwanza ni hili: "Maskini hana cha kuweka, mfundisheni tajiri." Twakubali kwamba wako watu ambao kweli hawana: mjane mgonjwa, mzee asiye na mtoto, nyumba iliyopigwa na ukame. Kuwahubiri hao uwekevu ni ukatili. Hao wahitaji msaada. Walakini hao si wengi kama wale wanaojificha nyuma yao. Tena maskini ndiye apotezaye zaidi kwa kila kosa, maana hununua mafuta kwa kijiko na sukari kwa fundo, na anunuaye kidogo kidogo hulipa bei kubwa kuliko anunuaye chupa nzima. Kwa sababu hiyo yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuziba tundu.

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini: "Mwanamke akijua hesabu za fedha atanitawala." Hapa hatutasema kwa upole. Anayeificha bei ya mahindi kwa mtu aliyeyapanda, aliyeyapalilia na kuyavuna pamoja naye, hailindi heshima yake. Ailinda aibu yake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Na shauri hilo lina fundisho kwa pande zote mbili, kwa kuwa mama yule hakupata fungu zaidi, mahakama ilipoona kwamba fedha alizopewa alizitapanya. Kwa hiyo jasho la mke lina hesabu, na mkono wa mke nao una hesabu. Hatumtaki mmoja awe bwana wa fedha na mwingine awe mtumwa wake. Twataka wote wawili waisome karatasi moja.

Jibu la tatu ni kwamba haya ni mambo ya kigeni. Si kweli. Bibi zetu walifukiza mahindi juu ya dari la jikoni, wakachagua mbegu kabla ya kula, wakafunga vihenge ambavyo hapana aliyevifungua bila shauri. Aliyeuza mbegu alionekana mwenda wazimu. Ugeni ni huu wa kuuza yote siku moja na kusubiri msaada siku ya pili.

Basi tufanye nini? Tutasema manne, wala si magumu.

La kwanza ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule la kurasa arobaini lawatosha mume na mke mwaka mzima. Upande huu kilichoingia, upande ule kilichotoka, kila jioni, hata shilingi hamsini. Kila mwisho wa juma waketi wote wawili, wakajumlishe, na mtoto mkubwa awasomee. Mtoto huyo atajifunza hesabu ambazo sisi hatuna ubao wa kuzifundishia. Mume asiyetaka kuandika shilingi elfu ya kilabuni amekwisha kujihukumu mwenyewe.

La pili, siku ya mavuno mahindi yagawanywe kabla mchuuzi hajafika: haya ni mbegu, haya ni chakula hata mavuno mengine, haya ndiyo ya kuuza. Ya chakula yatiwe katika mifuko iliyofungwa, na funguo za ghala ziwe mbili. Ya kuuza yapimwe kwa mizani, bila kilemba. Wakulima kumi wakikataa lumbesa pamoja, mchuuzi atanunua. Mkulima mmoja akikataa peke yake, mchuuzi atahamia kwa jirani. Kwa hiyo kataeni pamoja.

La tatu, kikundi cha kuweka akiba. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, wanawake walianza kuweka akiba kwa pamoja katika vikundi, navyo vikundi vya namna hiyo huwa na sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu, na fedha zikihesabiwa mbele ya wote. Utaratibu huo umeenea sehemu nyingi za Afrika, nasi twaujua vijijini mwetu. Uzuri wake ni kwamba mkopo hutoka kwa jirani na riba humrudia jirani. Mwisho wa mwaka kila mtu hupata fungu lake. Nguvu yake haimo katika chuma cha kufuli, imo katika macho ya wote wanaohesabu. Kikundi kisichohesabu hadharani kitaliwa na mwenye kalamu. Tena mgawo uwekwe wakati ambapo unahitajiwa, kabla ya shule kufunguliwa Januari, usiwekwe wakati wa karamu.

La nne, akina baba tuanze sisi. Kabla ya kuuliza sukari imekwendaje, tuseme elfu yetu imekwendaje. Kabla ya kumkemea mama kwa moto uliowaka bure, tumpasulie kuni zilizokauka na kumjengea jiko. Amri ya uwekevu itokayo kwa mbadhirifu haina nguvu, hata ikisemwa kwa sauti kubwa namna gani.

Hatuahidi utajiri. Mvua ikikosa itakosa pia kwa mwenye daftari, na bei ikianguka itamwangukia pia mwekevu. Wala hatusemi umaskini wote wa vijiji vyetu umetokana na ubadhirifu wetu. Barabara mbaya, bei zinazopangwa mbali, na ardhi iliyochoka vina sehemu yao, na hayo yafaa kupiganiwa mahali pake. Lakini lumbesa twaishona kwa mikono yetu, na kadi twaiahidi kwa vinywa vyetu. Mwezi wa Februari utafika kama ufikavyo kila mwaka. Watoto watakuja shuleni, nasi tutawaona nyuso zao, na kwa nyuso hizo tutajua ni nyumba gani iliyoziba tundu lake mwezi wa Julai.